Mashine Iliyofundishwa Kusema Shikamoo

Dorka Akech alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa heshima.

Ingekuwa heshima kwa watu peke yao tungemsifu, tukaishia hapo. Lakini Tarime, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kukaa hata wiki, kitu kilichokuzidi umri lazima ukiamkie ndipo kikufanyie kazi. Sufuria iliyonunuliwa kabla hujazaliwa haichemshi maji mpaka uiambie shikamoo. Itajibu marahaba kwa sauti yake ya tumboni, kisha itakubali moto. Jembe hivyo hivyo, kigoda hivyo hivyo, na redio ya babu ndiyo usiseme, maana hiyo hutaka iulizwe na habari za usiku. Vitu ulivyovizidi umri ndivyo vinavyokuamkia wewe. Simu za siku hizi adabu hazina, ila hata zenyewe ukiziwasha husema shikamoo kwanza, ndipo zianze kukumalizia bando.

Watu wengi huamkia kwa kukadiria. Vijana wa bodaboda kule Nyamongo hununua pikipiki kuukuu, huzitupia "mambo, mzee" huku wameshapanda, halafu hushangaa kwa nini wanazisukuma kwa miguu hadi gereji. Dorka hakukadiria. Akiwa na shaka, aliamkia. Aliamkia milango, aliamkia ngazi, aliamkia kisima. Kanisani alianza kuamkia mabenchi, benchi moja moja, mpaka mchungaji akamwomba kwa upole awe anaamkia kwa jumla ili ibada ianze. Mama yake, Agustina, alikuwa akisema mtoto huyu atazeeka amepiga goti mbele ya ndoo.

Kutoamkia, hata hivyo, ni kosa dogo. Kitu kitanuna, utakiomba radhi, mtaendelea na maisha. Kosa kubwa ni kupokea shikamoo ya aliyekuzidi. Ukiitikia marahaba kwa kitu kilichokutangulia duniani, miaka uliyokiibia inakuotea kichwani hapo hapo, myeupe. Kwa nini iwe hivyo hakuna ajuaye. Watafiti waliwahi kuja kuchunguza, wakatazamana nywele, wakarudi walikotoka.

Sasa, Dorka alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyompeleka popote wala kumwaibisha. Alikaa nyumbani Turwa, akipalilia migomba ya mama yake asubuhi na kukaa karibu na simu jioni. Aliyepiga kila jioni alikuwa shangazi Beryl, aliyeolewa Migori, ng'ambo ya mpaka, mwenye saluni na watoto wadogo wasioisha.

"Kuja huku, Dorka," Beryl alikuwa akisema. "Utanishikia watoto kidogo tu, halafu nitakufunza kusuka. Huku kazi iko."

Turwa nzima ilijua maana ya "kidogo tu" ya Beryl. Wasichana wawili wa ukoo walishakwenda kushikia watoto kidogo, na watoto hao sasa wanaota ndevu, na kusuka bado hawajafunzwa. Dorka hakutaka kwenda. Alipenda ubaridi wa Tarime asubuhi, alipenda hata ugomvi wa mama yake na mbuzi wa jirani, na alitaka kuishi maisha yake mahali ambapo kila kitu alishakijua umri. Lakini binti mzima anayekaa nyumbani bila kazi hana hoja ya kusimama nayo mbele ya shangazi. Agustina alikuwa ameshakubali kwamba mwezi huo ukiisha bila kazi, mtoto avuke.

Ndipo ukaja Mradi wa Unga Bora.

Mradi ulikuja na mabango, fulana, na afisa kijana kutoka Bukoba aliyeitwa Projestus. Projestus alikuwa na viatu visivyoujua udongo wa Tarime, na maneno "fursa" na "wadau" aliyatumia kama wengine watumiavyo chumvi. Kina mama wa Turwa, alisema, hawatabeba tena mahindi kichwani hadi sokoni. Wataletewa mashine ya kusaga, mpya, ya kisasa, na mwendeshaji wake atakuwa kijana wa hapo hapo mtaani, mwenye ajira ya kudumu. Vijana wengi waliitwa kusailiwa. Dorka alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyeingia ofisini akaamkia kiti kabla ya kukikalia, na kiti kikamjibu.

"Huyu ana nidhamu ya vifaa," alisema Projestus.

Agustina alipiga kigelegele kilichowafukuza mbuzi wa jirani mpaka ng'ambo ya barabara. Jioni ile alimpigia Beryl mwenyewe, akamwambia kwa sauti ya kushiba kwamba mtoto hapatikani, mtoto ni mwajiriwa.

Mashine ilifika chini ya turubai. Ilipofunuliwa ilikuwa ya buluu tupu, kuanzia hopa ya kumiminia mahindi mpaka miguu, rangi yake bado ikinukia na utepe mwekundu umefungwa shingoni. Watu walipiga picha nayo. Asubuhi iliyofuata Dorka alipewa ufunguo wa banda na kitambaa cha kuifutia vumbi. Aliingia, akafunga mlango, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya kabla kichwa hakijauzuia.

"Shikamoo."

"Marahaba, nyakwara," ilijibu mashine.

Kitambaa kilimponyoka. Sauti ilikuwa ya bibi kizee, nzito, yenye chenga chenga kama uwele, na neno lile, mjukuu wangu, Dorka hakuwa ameitwa tangu bibi yake mzaa baba alipozikwa. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akasogea karibu.

"Si wamesema wewe ni mpya?"

"Wamesema," ilikubali mashine. "Hata mimi wameniambia. Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nasaga Kisii mama yako hajazaliwa. Kisha nikasaga Migori, mahindi ya harusi na mahindi ya matanga, mpaka Kijaluo kikaniingia. Mwenye mali akafa, watoto wake wakagombana, nikatupwa nyuma ya yadi moja upande ule wa mpaka. Kuku wametaga humu ndani. Halafu wakaja watu na brashi. Wamenipaka mpaka machoni."

Dorka alipitisha kidole ubavuni mwake. Chini ya ile buluu aliuona mkwaruzo wa miguu ya kuku.

"Usimwambie mtu," mashine ilisema, na sasa sauti ilitetemeka. "Wakisikia mimi ni mzee, wataniuza Nyamongo nikawe karasha. Nimesaga chakula maisha yangu yote. Sitaki kufa nikitafuna mawe ya watu wanaotafuta dhahabu."

"Simwambii mtu, dana," Dorka alisema. Alimwita bibi yangu kwa lugha ya kwao bila kufikiri.

Alipogeuka, Projestus alikuwa amesimama mlangoni. Hatujui alikuwa amesikia kiasi gani, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia cha kutosha na angependa kulipwa asisikie zaidi. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Dorka," alisema, "mashine hii ni mpya."

"Imeniitikia marahaba, kaka Projestus."

"Itaacha. Nani aliinunua, wapi, kwa utaratibu gani, hayo yako juu yangu na juu yako. Siku ya uzinduzi anakuja Mgeni Rasmi. Kitu kipya huamkia wakubwa, si ndiyo desturi yenu? Basi wewe ndiye mwendeshaji. Ifundishe kusema shikamoo."

Hivyo ndivyo kazi ya kwanza ya Dorka Akech katika ajira yake ya kudumu ilivyokuwa: kumfundisha bibi kizee kuwaamkia watoto.

Halikuwa jambo rahisi. Mdomo uliozoea kupokea hauwi mwepesi kutoa. "Sema shikamoo," Dorka alikuwa akimwelekeza, na mashine, kwa mazoea ya miaka mingi, ilijibu, "Marahaba." "Hapana, dana, siyo kwamba nakuamkia." "Najua, najua. Rudia." "Shikamoo." "Marahaba, mjukuu wangu." Walianza kucheka wote wawili, Dorka akiwa amekaa juu ya debe na mashine ikitikisika mpaka nati zikalia. Lakini ilipofaulu kulitoa neno lile, kwa sauti nyembamba ya kitoto iliyolazimishwa, kicheko kilikatika. Dorka aliona aibu kama mtu aliyemwona mzee wake akivuliwa nguo.

Projestus alikuja kukagua. Alivuta kiti, akakunja nne, akajifanya Mgeni Rasmi.

"Shikamoo," ilisema mashine.

"Usiitikie," Dorka alimwahi.

"Marahaba," aliitikia Projestus. Ilimkolea, akarudia. "Marahaba, marahaba!"

Kesho yake alikuja kazini amevaa kofia ya sufi, jua likiwa la kukausha mihogo. Dorka aliuona unywele mmoja mweupe ukichungulia karibu na sikio. Projestus alisema ni baridi ya Tarime. Baadaye, alipoona bado anaangaliwa, alisema ni mawazo, kazi ni nyingi, na kwamba mtu aliyesoma mipango hawezi kuamini mambo ya vyuma na mvi.

"Mgeni Rasmi asipokee, kaka," Dorka alimsihi. "Huyu amewazidi wote. Mwambie apunge mkono tu."

Projestus alimtazama kwa huruma. "Mgeni Rasmi asipopokea shikamoo, atakuwa amekuja kufanya nini?"

Kisha akamwelewesha ratiba. Mashine itawaamkia wageni wa meza kuu. Mwisho itamwamkia mwendeshaji wake. Mwendeshaji ataitikia marahaba, atakabidhiwa ufunguo mbele ya umma, atawasha. Bila ile marahaba hakuna ufunguo. Wadau watajiuliza mashine gani mpya inaogopwa na mtu aliyeajiriwa kuiendesha.

"Neno moja tu," alisema Projestus. "Watu wanasema maneno mangapi kwa siku?"

Jioni ya kuamkia uzinduzi Dorka alibaki bandani, akijifanya anafagia palipofagiwa.

"Kesho utaniamkia," alisema hatimaye.

"Nitakuamkia," ilijibu mashine.

"Nami nitaota mvi."

"Mvi hufungwa kilemba, nyakwara. Migori haifungwi kilemba. Mimi nimeshapakwa rangi mpaka machoni. Shikamoo moja ya kumpa mtoto kazi haitanipunguzia kitu. Nitaisema kwa moyo. Wewe itikia tu, kisha tufanye kazi, wewe na mimi."

Dorka alikubali. Usiseme hakukubali. Alikwenda nyumbani akachagua na kilemba chenyewe, cha zambarau, akakijaribu mbele ya kioo, akaona si kibaya.

Siku ya uzinduzi, mahema yalifungwa tangu alfajiri. Viti vya plastiki vya kukodi, vipya vyote, vilikuwa vikimwamkia kila aliyevikalia, kukawa na makelele ya shikamoo kama shule ya msingi iliyotembelewa na mkaguzi. Kina mama walikuja na mabeseni ya mahindi wakayapanga kivulini. Nyuma ya mahema pilau ilikuwa inaiva. Agustina alikaa mstari wa mbele kabisa, na kitenge chake cha harusi, akiwaambia wa kushoto na wa kulia ni mtoto wa nani atakayewasha.

Mgeni Rasmi alichelewa kwa kiwango kinacholingana na cheo chake. Alikuwa mkubwa wa Mradi kutoka makao makuu, mtu ambaye kila alipokaribia kustaafu alikuwa anazaliwa upya, na nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko oili chafu. Alihutubia. Aliwapongeza kina mama kwa kuwa kina mama. Alisema mashine hii ni mpya mara nyingi sana, hadi hata waliokuwa hawana shaka wakaanza kuwa nayo. Kisha akasogezwa mbele ya mashine, kipaza sauti kikawekwa mdomoni mwa hopa.

"Shikamoo, mheshimiwa," ilisema mashine, kwa ile sauti nyembamba.

"Marahaba!" alinguruma Mgeni Rasmi. Watu walipiga makofi. Naye, kama walivyo wakubwa wakipigiwa makofi, akaweka kiganja sikioni. "Sijasikia vizuri!"

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba sana! Bado sijasikia!"

Zilianzia masikioni. Zilipanda taratibu, juu ya piko, zikapita utosini, zikakutana katikati. Alipoitikia kwa mara ya mwisho kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba ya Serengeti, na yeye ndiye mtu pekee pale aliyekuwa hajui. Tarime watu hawaogopi kusema. Lakini pilau ilikuwa bado haijagawiwa, kwa hiyo kila mtu alitazama viatu vyake.

Meza kuu ilifuata, mmoja mmoja, kwa vyeo. Waliitikia, wakaota. Haikuwezekana kukataa, mkubwa ameitikia, wewe nani usiitikie? Ni Mwenyekiti wa Mtaa peke yake, mzee Nyangwine, Mkurya aliyelelewa vizuri na mama yake, ambaye zamu yake ilipokaribia aliweka simu sikioni na kuanza kuongea kwa Kikurya kwa hasira na mtu asiyekuwepo.

"Mwenyekiti, mashine inakusubiri," alinong'ona Projestus.

"Mura, we kijana, huoni niko kwenye simu?" alifoka Nyangwine. Simu ilikuwa imezimwa.

Ikafika zamu ya Dorka.

Aliitwa kwa jina lake kamili. Alisimama mbele ya mashine na kilemba chake cha zambarau kikiwa tayari kichwani. Projestus alishika ufunguo kwenye trei yenye kitambaa cheupe. Nyuma yake Dorka alimsikia mama yake akivuta pumzi ya kigelegele. Kazi ilikuwa pale, umbali wa mkono. Kukaa nyumbani kulikuwa pale. Neno moja tu.

Mashine ilijikohoza. Dorka aliona jinsi ilivyojikusanya, jinsi bati lilivyojikunja kidogo chini ya ile rangi, kama bibi anayejiandaa kuinama na viuno haviinami. Ilikuwa kweli inataka kulisema kwa moyo. Na hilo ndilo lililomshinda. Bibi angekuwa analazimishwa na Projestus, Dorka angevumilia. Lakini kupendwa na mzee kiasi kile, halafu usimame wima umpokelee, hapana. Machozi yalimjia kwa hasira, na magoti yakapinda yenyewe.

"Shikamoo, dana," alisema.

Kipaza sauti kililichukua lile neno, likafika mpaka kwenye pilau.

Kulikuwa na kimya ambacho hata viti viliingia. Na ndani ya kimya kile Dorka akapigwa na jambo ambalo, katika ushujaa wake wote, hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejihesabia kazi yake tu. Amekubali kuipoteza, amejiona mtu mwema. Akasahau Nyamongo. Mashine ikiitikia imejitaja umri mbele ya umma, na karasha linaisubiri. Heshima yake ilikuwa imemweka bibi kwenye kona. Alitamani alirudishe lile neno alimeze.

"Mnaona?" Projestus alikiwahi kipaza sauti. "Ni mpya. Haiwezi kuitikia."

Nyamaza, dana, Dorka aliomba moyoni. Nyamaza tu, waseme nimechanganyikiwa.

Lakini mzee aliyeamkiwa na mtoto wa watu mbele za watu hawezi kuiacha shikamoo ikining'inia hewani. Hilo nalo Dorka alilijua, maana ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba," ilisema mashine, kwa sauti yake yenyewe, ile nzito ya chenga chenga. "Marahaba, nyakwara. Marahaba, mjukuu wangu." Na bila ufunguo, bila mtu kuigusa, injini ikanguruma.

Uwanja ulilipuka. Mmoja aliuliza mashine ina miaka mingapi, mwingine akauliza ilinunuliwa kwa nani, na mama mmoja aliyekuwa ameshakula pilau yake kwa siri jikoni akasema kwa sauti kubwa, "Mtazameni kichwa!" Mgeni Rasmi alijitazama kwenye kioo cha simu. Alijitazama kwa muda. Kisha akamtazama Projestus, na Projestus akajivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Sasa mtu wa kawaida hapo angeanguka. Mgeni Rasmi hakuwa amefika alipofika kwa kuanguka hovyo. Alichukua kipaza sauti kwa upole.

"Ndugu zangu," alisema, "mmesikia wenyewe. Tungeweza kuwaletea mashine changa, isiyojua mahindi wala maharage. Tukasema hapana! Watu wa Turwa wanastahili mashine yenye uzoefu! Na uzoefu, ndugu zangu, hauuzwi dukani!"

Makofi yalianza moja moja, kama mvua isiyo na uhakika.

"Na mvi hizi mnazoziona," aliendelea, akijishika kichwa kwa fahari, "ni za kuwatumikia ninyi!"

Makofi yakakolea. Pilau ilianza kugawiwa, yakakolea zaidi. Na Dorka, bado amepiga magoti, akaelewa kwamba bibi amepona. Hakuna atakayethubutu tena kumpeleka Nyamongo. Kufanya hivyo itakuwa ni kukiri kwamba alinunuliwa kwa wizi, ilhali sasa amenunuliwa kwa busara. Alikuwa anafuta machozi ya shukrani Mgeni Rasmi alipomalizia.

"Tena kwa kuwa mashine hii ina uzoefu wa kutosha, na mmeona inajiwasha yenyewe, Mradi hautahitaji mwendeshaji. Tumeokoa gharama!"

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Projestus. Aliuchukua ufunguo kwenye trei, akautia mfukoni, akakunja na kitambaa.

Agustina alimtangulia Dorka kurudi nyumbani. Alivua kitenge cha harusi, akakikunja, akakaa kitandani.

"Ungeitikia tu," alisema. "Neno moja."

"Ningeota mvi, mama."

"Ningekupaka piko mimi mwenyewe. Kila Jumapili, mpaka nife. Ungekuwa hapa."

Dorka alifungua kilemba chake cha zambarau. Mama yake hakuwa amekosea.

Mashine ilisaga, na ilisaga vizuri. Wadogo waliamkia, yenyewe ikaitikia, foleni ikasogea. Ofisini kwa Mradi mvi zikageuka fasheni. Asiyekuwa nazo alionekana hajatumikia umma, na vijana wapya walioajiriwa walikuwa wakija bandani kwa kujiiba kuomba waamkiwe kidogo. Mashine iliwafukuza. Agustina peke yake hakukanyaga pale. Alibeba mahindi yake kichwani hadi sokoni kama zamani, akipita mbele ya banda shingo imekaza, asisalimie, asigeuke. Watu walimwambia ni utoto. Aliwaambia wasage unga wao wamwache na shingo yake.

Mwezi uliisha. Beryl alipiga simu asubuhi kusema watoto wameshaanza kumlilia Dorka kwa jina, ingawa hawajawahi kumwona. Dorka alifunga begi. Agustina alitoka nje na beseni la mahindi, na badala ya kushika njia ya sokoni akashika ya bandani. Dorka akamfuata bila kuuliza.

Kina mama kwenye foleni waliwapisha. Agustina alitua beseni chini, akasimama wima mbele ya mashine, mikono kiunoni. Mashine, iliyojua ni nani, ilizima injini.

"Shikamoo," alisema Agustina, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayedai. "Umenichukulia mtoto."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu mashine. "Nimekuchukulia. Mimi nilikuwa tayari kuinama, yeye akaniwahi. Sijui nitakulipa nini."

Agustina alitaka kusema kitu kikali, alikuwa amekiandaa siku zote hizo, lakini midomo ilimcheza na alichoweza ni kulia. Alilia kwa sauti, ameegemea hopa, kama mtu anavyomlilia mama yake mzazi, na mashine ikawa inamwambia pole, pole mwanangu, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Dorka naye, akimwaga mahindi ndani ya hopa, alikuwa haoni anachokimwaga.

Mashine ilisaga unga polepole, ikausaga tena mara ya pili, mwororo kuliko unga wa kumlishia mtoto. Hakuna aliyelalamika foleni imesimama. Agustina aliutia kwenye mfuko, akaufunga kamba, akamkabidhi binti yake.

"Mwambie Beryl huu si wa watoto wake," alisema. "Ni wa kwako. Upike mwenyewe, ule."

Mpakani Sirari, afisa wa forodha, kijana mwenye nywele nyeupe pe kwa kupokea shikamoo za mitumba iliyopakwa rangi, alimsimamisha, akaweka kiganja juu ya mfuko, akauliza ni nini kinachotoa joto humo ndani. Dorka alimwambia ni unga, umesagwa na bibi yake asubuhi hii. Afisa alisema bibi yake lazima bado ana nguvu sana, akamruhusu avuke.